Aliyebaki Nje ya Dirisha

Usiniamini. Tena nakuomba kabisa, usiniamini. Kunja mikono, cheka, sema Doru ameanza tena. Halafu sikiliza mpaka mwisho, na ukifika huko bado unacheka, drili yangu ni yako, na nitakuita mwalimu mbele ya watu.

Mimi ni fundi wa madirisha. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, na mwalimu wa hesabu akanitabiria kwamba nitazeeka nikichunga bata. Mwaka jana nilimbadilishia madirisha saba nyumbani kwake. Hakuna hata moja linalopitisha upepo, na bata wake walikuwa wamejipanga uani wananishangilia. Kutoka kijijini kwetu hadi mjini hakuna anayeng'oa dirisha la mbao na kupachika la plastiki kwa kasi yangu. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno, lakini ni kweli. Nataka tu ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kushtuka akiona paka. Nimeng'oa madirisha zaidi ya mia tisa. Ni moja tu lililonilowesha suruali.

Hadithi ni ya kaka yangu, Lupu. Amenizidi miaka kumi na mmoja. Ni mwashi huko Italia, ana mke anaitwa Sorina, mwanamke asiyemung'unya maneno, na binti wa miaka mitano, Ilinca. Julai iliyopita walikuja likizo, na Lupu akasema atamwekea mama madirisha mapya kabla ya baridi. Kazi akanipa mimi. Angempa nani mwingine?

Ilikuwa Alhamisi. Jua kali, nyasi zimefyekwa kila upande, kijiji kizima kinanukia majani makavu. Mvua tulikuwa hatujaiona kwa wiki tano. Asubuhi mama yetu, Zamfira, alisonga ugali wa mahindi, akaweka jibini na maziwa mgando, tukala wote watano, huku nikimtania Sorina kwamba akiongea Kiitaliano anakuwa kama mtu anayegombana na kuku.

"Afadhali mimi nagombana na kuku," akasema. "Wewe shemeji hata kuku hawataki maongezi yako."

Tukacheka. Mpita njia angechungulia angesema, naam, ile ni familia. Ila angekaza macho kidogo angeona kwamba tuliokaa tulikuwa wanne. Lupu alikula amesimama, kando ya mlango, sahani mkononi.

Ndivyo alivyokuwa kaka yangu. Hakai mpaka aambiwe kaa. Haingii mpaka aambiwe ingia, hata kwenye nyumba anayolipia kodi mwenyewe. Sorina aliniambia kwamba jioni akitoka kazini husimama nje, funguo mkononi, mpaka mtu wa ndani aseme karibu. Ndevu ananyoa kwa kupapasa, kioo amekigeuzia ukutani. Akiitwa hageuki mpaka mara ya tatu, kama vile anayeitwa ni mtu mwingine aliye nyuma yake. Na binti yake Ilinca, Lupu hajawahi kumwita "mwanangu". Anasema "mtoto". Mtoto amekula? Mtoto amelala? Siku moja yule binti alimuuliza mama yake kama huyu bwana ni baba au ni fundi aliyekuja kutengeneza kitu akakawia.

Sababu naijua. Kijiji kizima kinaijua, na kijiji kizima kinasema, "Mama yake alimpenda mno, ndiyo maana." Ningepewa ruhusa, kila anayesema hivyo ningemng'oa jino moja kwa mtaimbo wangu, tena la mbele.

Sikiliza basi. Lupu si jina la ubatizo. Alibatizwa Toader. Alipokuwa na miaka mitano alipatwa na degedege, leo, kesho, keshokutwa, macho juu, povu mdomoni. Mama alikuwa ameshazika watoto wawili kabla yake. Wakafanya linalofanywa kwetu mtoto akikataa kupona. Wakamuuza dirishani.

Ni hivi. Mama anamtoa mtoto kwa dirisha. Nje anasimama mwanamke mwingine, jirani ambaye wanawe wote wako hai. Anampokea, anatoa sarafu moja, anampa jina jipya la mnyama ambaye hata mauti yanamkwepa. Huyu aliitwa Lupu, yaani mbwamwitu. Kisha jirani anazunguka nyumba na mtoto mkononi, anaingia kwa mlangoni, anasema, "Nimewaletea mtoto wangu, nileleeni." Na mama mzazi anajibu, "Simjui, lakini namkaribisha." Mauti yakija kumtafuta Toader yanakuta hakuna Toader. Yanaondoka zao.

Akapona. Hilo sibishani nalo.

Lakini desturi ina mwisho wake, na mwisho hausukumwi na hofu kama mwanzo. Mtoto akishapata nguvu, mama anatakiwa asimame kwenye dirisha lilelile, aite jina la kwanza kwa sauti, mara moja tu, ampokee arudi ndani kwa njia aliyotokea. Jirani aliyemnunua, Safta, alikuja kumkumbusha mama mwaka wa kwanza. Akaja mwaka wa pili. Mwaka wa tatu akafa. Mama hakuita.

"Nikimwita, mauti yatasikia," alikuwa akisema. Dawa imekubali, uiguse ya nini?

Basi akamlea mwanawe kama wa jirani. Hakumbusu. Hakumpakata. Wageni wakiuliza huyu wa nani, anasema, "Wa marehemu Safta." Siku moja shuleni, Lupu akiwa na miaka tisa, alishinda mbio, na mwalimu akasema mzazi wa Lupu asimame apigiwe makofi. Mama alikuwa benchi la pili. Hakusimama. Mikono mapajani, macho kwenye viatu. Watu wakamgeukia mmoja baada ya mwingine. Mtoto akajiendea mwenyewe, akapokea daftari lake la zawadi, na mwalimu alipomuuliza mzazi wako yuko wapi, akasema, "Sina."

Halafu anakuja mtu na sharubu zake kuniambia eti ni mapenzi.

Miaka miwili baadaye nikazaliwa mimi. Sikuugua hata mafua. Mimi nilibusiwa mpaka mashavu yakachubuka. Nikichelewa malishoni niliitwa kutoka kilima hadi kilima, "Doruuu! Njoo ule, mwanangu!" Na Lupu alikuwa hapohapo jikoni, anamenya viazi, anasikiliza.

Haya, turudi Alhamisi.

Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumemaliza matano. Likabaki moja, la chumba cha nyuma, linalotazama miti ya plamu. Upande huo ardhi iko chini, kwa hiyo ukiwa ndani dirisha linakufika kiunoni, lakini ukiwa nje liko juu ya kichwa chako. Mtu mzima akinyoosha mikono anaweza kupokea kitu kutoka ndani. Mtoto mdogo hata akiruka hafiki.

Nakueleza hivyo kwa sababu kioo kilikuwa na alama za viganja. Viganja vidogo, vidole vimetanuliwa, vingi, kimoja juu ya kingine, na katikati pamefutwa duara kana kwamba mtu alifuta ili achungulie. Nikadhani ni Ilinca. Nikachukua kitambaa nikafuta. Havikufutika.

Vilikuwa upande wa nje.

"Hilo liacheni," mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, aproni imekunjwa kwenye ngumi. "Hilo bado zima."

"Yote, mama," Lupu akasema. Sikuwahi kumsikia akimkatalia kitu. Hata yeye alionekana ameshtuka.

Mama akaondoka. Nikakaa juu ya boksi la vifaa, yeye akachuchumaa kando, tukanywa maji. Akawa anaitazama ile mikono kwenye kioo.

"Doru," akanong'ona. "Nikwambie kitu usicheke?"

"Inategemea. Mimi kucheka ni ugonjwa."

"Siku ile nilipouzwa. Nakumbuka Safta alivyonipokea. Alinukia kitunguu. Nakumbuka tulizunguka nyumba, tukaingia kwa mlangoni, mama akasema simjui. Nikageuka kutazama dirisha." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Nilikuwa bado niko kule nje, Doru. Nilijiona. Nimeng'ang'ania kizingiti, nalia, nagonga kioo. Mimi niliingia. Lakini kuna mtu alibaki."

"Ulikuwa na homa, kaka."

"Ndiyo," akasema. "Kila siku najiambia hivyo."

Nikainuka. Mimi nikiogopa hufanya kazi, ndiyo dawa yangu. Nikatia mtaimbo pembeni ya fremu, nikajiandaa kwa ubishi, maana mbao zile zina umri wa babu yetu na misumari yake ni ya mkono. Haikubisha hata kidogo. Ilitoka nzima, kwa mara moja, ikaniangukia kifuani. Nimeng'oa madirisha mia tisa, nakuapia, hakuna lililowahi kutoka hivyo. Lilikuwa kama limesukumwa na mtu wa upande wa pili.

Nikalipeleka uani. Niliporudi chumbani Ilinca alikuwa amesimama mbele ya lile tundu tupu, mikono nyuma, anaongea.

"Unaongea na nani, kipenzi?"

"Na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa nje. Anauliza kama mama yake ameshaacha kuogopa." Akanigeukia. Mashavu yake yalikuwa mekundu kupita kiasi. "Nimemwambia sijui. Anasema amechoka. Anasema yeye aingie, mimi nitoke kidogo."

Nikamgusa paji la uso. Moto.

Nikamwita Sorina. Kabla hajafika, binti aliinua macho juu, akakakamaa, akaanguka mikononi mwangu akitetemeka mwili mzima. Povu. Degedege, kama nilivyosimuliwa utoto wangu wote, ila sasa lilikuwa mikononi mwangu na lilikuwa na nywele za kusukwa.

Sorina hakupiga kelele. Alichukua simu akakimbilia barabarani, maana kwetu mtandao unashika pale getini tu, na nikamsikia akiwaelekeza watu wa gari la wagonjwa. Wakamwambia dakika hamsini. Akawatukana kwa lugha mbili.

Ndipo mama akaingia. Akamtazama mtoto, akatazama dirisha, na uso wake ukawa mtulivu. Hilo ndilo lililonitisha kwanza, ule utulivu.

"Mnipe," akasema. "Mnaijua dawa yake."

Akapaza sauti kupitia mlangoni. "Raveca! Raveca weee! Njoo dirisha la nyuma, upesi!" Jirani akaitika kwa mbali, nakuja.

Mimi nikamtazama Lupu. Nikasubiri afanye kitu, baba mzima, mwashi, mikono kama koleo. Akasimama tu. Alisimama vilevile anavyosimama mlangoni kwake, akisubiri ruhusa. Mama akamchukua Ilinca mikononi mwangu, nami nikamwachia, kwa sababu ni mama na amezoea kuachiwa. Akaenda dirishani.

"Raveca, umefika? Upo chini?"

"Nipo," ikajibu sauti kutoka nje.

Mama akatanguliza miguu ya mtoto. Mikono miwili ikainuka kuipokea. Ikashika vifundo vya miguu, kimoja kimoja, kwa uangalifu.

Halafu nyuma yetu mlango wa mbele ukagonga ukuta.

"Zamfira! Nimekimbia na unga wangu mikononi, kuna nini?"

Alikuwa Raveca. Mlangoni. Anahema.

Wote tulikuwa tunatazama ile mikono kwenye miguu ya Ilinca. Midogo. Imepauka. Imelowa, na mvua haikunyesha wiki tano.

"Mrudishe," Lupu akanong'ona. "Mama. Mrudishe ndani."

Mama akavuta. Hakuweza. Lupu akaruka, akamshika binti kiunoni, akavuta. Hakuweza. Mwanamume anayebeba mifuko miwili ya saruji kwa ngazi alishindwa kumvuta mtoto kutoka kwenye vidole vya mtoto. Na Ilinca akaanza kuteleza. Magoti yakapita kizingiti. Mapaja.

"Mwite," Lupu akasema.

"Nani?"

"Unajua nani. Mwite, atamwachia."

Mama akatikisa kichwa. Midomo ameibana, kama mtoto anayekataa dawa.

"Mwite!"

"Nikimwita yatasikia..."

Hapo ndipo kaka yangu alipopasuka. Sauti ile sikuijua, na sidhani kama yeye mwenyewe aliijua. "Ng'ombe wako wote wana majina! Kila jioni unawaita, mmoja mmoja, kwa sauti, hujawahi kuogopa kwamba mauti yatasikia! Miaka ishirini na tisa nimesubiri uite jina moja. Moja! Nilikuwa nakaa jikoni namenya viazi nasubiri. Nilikuwa naumwa makusudi nione kama utaita. Nimevuka nchi nne, nina mke, nina mtoto, bado nasimama mlangoni kwangu kama mwizi, nasubiri wewe!"

"Nilikuwa naogopa," mama akasema. Ilisikika kwa shida.

"Na mimi nilikuwa na miaka mitano!"

Raveca akapiga ishara ya msalaba na kuacha unga kwenye paji lake. Ilinca akateleza tena. Tumbo.

Mama hakuita. Nataka ulikumbuke hilo, kama utakuja kuniambia habari za mapenzi. Mjukuu anaondoka mikononi mwake, mwanawe analia mbele yake, na hakuita.

Basi Lupu akaita mwenyewe. Aliinamia tundu lile, akaangalia chini, akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

"Toader."

Jogoo wa jirani alikuwa anawika. Akakatiza katikati.

"Toader. Mimi ndiye. Mwachie huyu, ni mwanangu." Akavuta pumzi. "Ingia ndani wewe."

Vidole vikafunguka. Kimoja. Kimoja. Lupu akanirushia binti bila kunitazama, nikamdaka. Kisha akatoa mikono yote miwili nje ya dirisha, akainama, akashika kitu, akavuta.

Sikuona kitu. Nasema ukweli, na macho yangu huona mwanya wa milimita. Lakini niliona misuli ya mikono yake ikikaza kwa uzito. Niliona kifua chake kikilowa. Niliona shati lake mgongoni likijikunja katika mafundo mawili, kama limekamatwa na ngumi mbili ndogo. Baridi ikaingia chumbani, ya Januari, pumzi zetu zikawa moshi. Kaka yangu akaketi sakafuni, hakuambiwa na mtu aketi, akakumbatia hewa ile, akaanza kuyumba mbele na nyuma.

Na akalia. Mdomo ulikuwa wake. Kilio kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano.

Hapo ndipo nilipolowesha suruali. Sasa umejua, cheka.

Ilinca akatoka jasho, akafumbua macho, akaomba maji. Gari la wagonjwa lilipofika, daktari akampima, akasema ni degedege la homa, huwatokea watoto wengi. Akatuuliza kwa nini chumba kina baridi namna ile. Raveca akamwambia ni kwa sababu hakina dirisha.

Usitegemee nikwambie walikumbatiana, Lupu na mama. Hawakukumbatiana. Jioni Lupu alivuta kiti akakaa mezani, akala sahani mbili, akaomba ya tatu, wala hakumtazama mama. Mama alimwekea chakula. Alifungua mdomo mara mbili kama anataka kusema neno linaloanza na T. Akaufunga.

"Mwanangu, njoo ule," Lupu akamwambia Ilinca. Sorina akaangusha kijiko.

Kesho yake nilipachika dirisha jipya. Lupu akaja, akasimama mbele ya kioo, akajitazama. Nadhani alikaa nusu saa. Alijigusa shavu, akajigusa sikio, kama mtu anayetambua maiti, lakini kinyume chake. Kisha akacheka kidogo.

"Kumbe ni wewe tu," akakiambia kioo.

Sasa ukimwita Toader anageuka mara ya kwanza. Ukimwita Lupu anageuka pia, eti yote mawili ni yake, yamemgharimu. Usiku bado anaota. Bado kuna siku hamsalimii mama kwenye simu, na kuna siku anamsalimia kisha anavunja kitu. Hajapona, achana na wanaosema mtu anapona kwa siku moja. Lakini mlangoni kwake anaingia.

Kilichobaki ni plasta ya dirisha hilo. Kizingiti cha ndani nilikipiga plasta mwenyewe, laini kama siagi, na kazi yangu huwa hairudiwi. Asubuhi yake kulikuwa na nyayo mbili, peku, ndogo, zimezama nusu kidole, vidole vya miguu vimeelekea ndani. Nikasawazisha kwa mwiko. Zikarudi. Nikachimbua yote, nikachanganya upya, nikasawazisha. Zikarudi. Mara ya tatu nikaziacha. Ukimaliza kucheka nenda ukazipime, urefu ni sentimita kumi na sita. Ilinca mguu wake ni mkubwa zaidi.

Hadithi ingeishia hapo. Popote ninaposimulia, huwa naishia hapo, watu wananinunulia kinywaji, naenda nyumbani.

Lakini kuna sehemu nimeiruka.

Nilisema niliona ile mikono kwenye kioo nikadhani ni Ilinca. Uongo. Niliijua. Nilipokuwa na miaka mitano, sita, saba, chumba cha nyuma kilikuwa changu. Yule mtoto wa nje alikuwa anakuja mchana, wakati mama yuko malishoni na Lupu yuko shuleni, na baadaye Lupu alipokwenda Italia aliendelea kuja. Uso wake ulikuwa sawa na wangu, kimo kimoja, pua ileile, pale juu ambapo hakuna pa kusimama. Hakunitisha. Alikuwa na baridi tu. Alikuwa anagonga kwa kidole kimoja, kwa adabu.

Kila mara aliniuliza swali moja. "Mama yupo?"

Ningeweza kufungua. Komeo lilikuwa upande wangu, na mimi hata wakati ule madirisha niliyaweza. Ningeweza kumwambia mama. Ningeweza kumpigia kaka yangu simu nikamwambia, hukuwa na homa, yupo, namwona. Ningemwokolea miaka kumi na saba. Lakini niliona akiingia itabidi tugawane paja moja la mama, na mimi nilikuwa nalipenda paja lile lote.

Kwa hiyo nilisogeza mdomo kwenye kioo, nikamjibu. Hakuna mtu mzima aliyenifundisha jibu hilo. Nililitunga mwenyewe, nikiwa na miaka sita, na nililirudia kila alipogonga, mpaka akaacha kugonga.

"Yupo," nilimwambia. "Lakini ameshapata mtoto."